Chumba cha Saba



Vikundi vingi vikipata pesa kidogo vinakimbilia kuongeza vyumba. Hebu tutulie kwanza, tupige hesabu.

Tuseme kikundi kina ploti ya mabati huku upande wa Woodley: vyumba 6, kila kimoja shilingi 4,000. Hiyo ni 24,000 kwa mwezi, au 288,000 kwa mwaka. Mabati yanavuja na choo kimejaa. Je, mjenge chumba cha 7?

Chumba hicho kitaleta 48,000 kwa mwaka. Lakini kodi ya nyumba ikizidi 288,000 kwa mwaka, KRA hudai ushuru. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kutoa gharama. Kwa vyumba 7 ni 25,200. Mmebaki na 22,800, na fundi bado hajalipwa. Wapangaji 2 wakihama kwa sababu ya mvua, mwezi huo mmepoteza 8,000.

Basi fuateni hatua hizi:

1. Rekebisheni kabla ya kujenga: paa, choo, mtaro. Rangi baadaye.
2. Kila mwezi wekeni kando kodi ya chumba kimoja. Ni ya matengenezo, si ya chai.
3. Andikeni risiti. Dipoziti ni pesa ya mpangaji, msiile.
4. Mpangaji akichelewa, ongeeni naye. Msing'oe mlango, naye ana watoto.

Mjadiliane:
- Mwaka jana tulitumia pesa ngapi kwa matengenezo?
- Nani anaweka daftari, na nani analikagua?