Jeneza Katika Shairi na Katika Udongo Wenye Maji

Ndugu msomaji, maji ya mafuriko ya Aprili 2024 yalipoanza kupungua katika Rufiji na Kibiti, nililetewa barua na nahodha wa mashua itokayo Nyamisati. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na wino wake umechuruzika pembeni. Mwandishi wake ni kijana wa kijiji kimoja cha delta, aliyeingia katika Uislamu miaka michache iliyopita, na mama yake mzazi akamfuata baadaye. Mama huyo alifariki dunia wakati maji yangali juu.

Kijana anaeleza kuwa walichimba kaburi mahali palipoinuka kuliko pengine pote, na bado maji yakachimbuka kutoka chini kabla shimo halijafika kiunoni. Kuta zikaporomoka. Wakasogea hatua chache, wakachimba tena, ikawa vile vile. Jioni ikakaribia, na maji ya bamvua yalikuwa yanarudi. Basi vijana wakapasua mtumbwi mkuukuu, wakaziunga mbao zake kwa fito za mkandaa, wakapata sanduku. Mama alikuwa amekwisha oshwa, amevikwa sanda na kusaliwa. Wakamlaza ndani ya sanduku, wakamzika.

Baada ya siku chache mjomba wake, mzee Mwislamu anayeheshimiwa sana kijijini, akamwambia mbele ya watu: “Umemzika dada yangu kwa desturi ya kanisani ulikotoka.” Akataka kaburi lifukuliwe, sanduku litolewe, na marehemu azikwe upya. Kijana aliuliza, “Maalim, je, nimemkosea Mungu, na nimemkosea mama?” Kisha akaandika, kwa haya, kwamba ametunga mashairi ya kumlilia mama yake, na mjomba amesema hilo nalo ni kosa la pili.

Nilimjibu siku ile ile, kwa sababu jambo la kufukua kaburi halingojei. Lakini wengi kati ya wasomaji wetu wameingia dini wakiwa watu wazima, na maswali haya huwafika siku ya msiba, siku ambayo mtu hana nafasi ya kutafuta kitabu. Kwa hiyo naona yafaa nilieleze somo hili hapa kwa urefu.

KUHUSU SANDUKU

Kwanza tuyatengeneze maneno. Neno jeneza limetokana na Kiarabu, na katika pwani yetu tangu zamani ni chombo cha kuchukulia maiti mpaka makaburini. Ni mali ya msikiti. Humchukua tajiri asubuhi na maskini jioni, kisha hurudishwa mahali pake likiwa tupu. Kinachoingia kaburini ni maiti na sanda yake tu. Siku hizi, hasa mijini, neno jeneza hutumika pia kwa sanduku lile linalozikwa pamoja na maiti, na hapo ndipo watu wawili wanapoweza kugombana huku kila mmoja anasema la kwake.

Desturi iliyo bora katika Uislamu ni kumlaza maiti juu ya udongo wenyewe, kwa ubavu wa kulia, akielekea Kibla, ndani ya mwanandani uliochimbwa ubavuni mwa kaburi. Mtume Muhammad s.a.w. alizikwa katika mwanandani wa namna hiyo, na mlango wake ukazibwa kwa matofali mabichi. Pasipo na udongo mgumu wa kuchimbia mwanandani, huchimbwa mfereji katikati ya sakafu ya kaburi. Juu ya maiti huwekwa kiunza, yaani ubao au mbao zinazouzuia udongo usimwangukie. Msomaji na azingatie hapa: mbao si kitu kigeni katika kaburi la Mwislamu.

Ama sanduku kamili, wanavyuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Imamu Shafi ambayo ndiyo yaliyoenea sana pwani yetu, wamesema kuwa ni makuruhu, kwa sababu ni gharama bila haja. Lakini wao wenyewe wakaongeza kwamba ardhi ikiwa ya majimaji, au ikiwa ya mchanga usiosimama, karaha hiyo huondoka. Sharti hilo haliwezi kuielezea ardhi nyingine yoyote kuliko inavyoielezea delta ya Rufiji, nchi ya mikoko yenye zaidi ya hekta 50,000, ambamo mto hugawanyika kuwa milango mingi kabla ya kuifikia bahari, na mara mbili kila siku bahari nayo hupanda kuingia ndani. Mtu wa Simba Uranga hahitaji kuambiwa kuwa huko maji hayatoki juu tu. Hutoka hata chini ya jembe.

Kwa hiyo lile sanduku la mbao za mtumbwi halikuwa la fahari. Lilikuwa kiunza kilichohitaji kuta, kwa sababu kuta za udongo zilikataa kusimama.

Wala haifai kusema kuwa sanduku ni la Wakristo. Biblia, katika mwisho wa kitabu cha Mwanzo, inaeleza kuwa Yusufu alipofariki aliwekwa ndani ya sanduku huko Misri, na hilo lilikuwa karne nyingi kabla ya kuwako kanisa lolote. Sisi nasi tunalo la karibu zaidi. Seyidna Ahmad a.s. alipofariki Lahore tarehe 26 Mei 1908, mwili wake ulichukuliwa katika sanduku kwa gari moshi mpaka Batala, na kutoka hapo ukabebwa mabegani mwa wafuasi wake mpaka Qadian. Safari ilihitaji sanduku, likatumika. Udongo wa delta ulihitaji sanduku, likatumika.

Kuna jambo jingine ambalo nililigundua nikiwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, na tangu hapo halijanitoka moyoni. Kwa Kiarabu sanduku la maiti huitwa tabuti. Sasa fungua Kurani Tukufu, sura ya Taha, mahali panaposimuliwa habari ya mama yake Musa a.s. Mwenyezi Mungu alimfunulia amtie mwanawe katika chombo, akitupe chombo hicho mtoni. Neno lililotumika hapo kwa chombo hicho ni hilo hilo tabuti. Mama alimlaza mtoto ndani ya tabuti akamkabidhi Mungu na mto. Katika Rufiji mtoto amemlaza mama. Nilimwandikia kijana habari hii, nikamwomba amsomee mjomba wake pole pole, bila kushindana naye, kwani mzee yule naye amefiwa na dada.

Na kuhusu kufukua, jibu ni fupi: haifai. Mtume s.a.w. amefundisha kuwa kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja wa aliye hai, na wanavyuoni wamelizuia kaburi lisifunguliwe ila kwa dharura ya kweli. Kuondoa mbao zilizowekwa kwa haja si dharura.

KUHUSU SHAIRI

Ndugu zangu wapya mara nyingi huambiwa kuwa Mwislamu haombolezi kwa shairi. Hili linatokana na kuchanganya vitu viwili. Mtume s.a.w. alikataza mayowe ya msiba, kujipiga mashavu na kurarua nguo, na maneno yale ya siku za ujahiliya yanayomlalamikia Mungu. Hakukataza machozi. Mwanawe Ibrahim alipokufa yeye mwenyewe alilia, akaeleza kuwa macho hutoka machozi na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Naye s.a.w. alipofariki, Hassan bin Thabit r.a., mshairi wake, alimlilia kwa mashairi, wala masahaba hawakumnyamazisha. Al-Khansa, mwanamke aliyeingia Uislamu katika zama za Mtume, anajulikana mpaka leo kwa tungo alizomlilia ndugu yake Sakhr.

Na jeneza lenyewe je, limepata kuingia katika shairi mbele ya Mtume? Limeingia. Kaab bin Zuhair alikuwa mshairi aliyeutukana Uislamu, na damu yake ilikuwa imehalalishwa. Akaja Madina kwa siri, akakaa mbele ya Mtume s.a.w., akatoa kasida yake ndefu ya kuomba radhi. Ndani ya kasida hiyo, alipokuwa akieleza kwa nini haogopi tena, akalitaja jeneza ambalo kila aliyezaliwa na mwanamke hana budi siku moja kupandishwa juu yake. Yasimuliwa kuwa Mtume s.a.w. alimvisha joho lake mwenyewe. Tulipokuwa tukilisoma shairi hilo darasani, mwalimu wetu alisimama kwenye neno hilo la jeneza akatuuliza kwa nini mtu anayeomba uhai wake ataje kifo. Hakuna aliyejibu. Mimi leo nadhani ni kwa sababu mtu hawezi kuomba kwa kweli huku anajifanya hatakufa.

Washairi wetu wa Kiswahili wanaijua njia hiyo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Lamu, katika Al-Inkishafi, huusemesha moyo wake mwenyewe na kuuonyesha majumba ya Pate yaliyobomoka, ambayo mabwana zake wamehamia kwenye nyumba za makaburi. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akijua kuwa safari yake imekaribia. Utenzi wa Kutawafu Nabii unasimulia kufariki kwa Mtume s.a.w. Shaaban Robert alimlilia mkewe katika shairi linaloitwa kwa jina la mke huyo, Amina, na wengi walioondokewa na wake zao wamelisoma kana kwamba wamelitunga wao.

Na Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetufundisha sheria za kutunga katika kitabu chake cha mwaka 1954, alifariki Ujerumani mwezi wa Oktoba 1964, akiwa Waziri na akiwa bado kijana wa miaka arobaini. Akazikwa Dar es Salaam. Uwanja wa Arusha unaitwa kwa jina lake, lakini mimi naona jina lake hutajwa vizuri zaidi kila mtoto wa shule anapohesabu mizani kwa vidole.

Watu wa Kibiti hawahitaji kufundishwa uzito wa jeneza. Mwaka 2017 walishuhudia viongozi wa vijiji na askari wakiuawa kwa risasi, mazishi yakifuatana. Kunyamaza kwao baada ya hayo si dalili ya imani kuliko kusema. Kijana wetu alichagua kusema. Ubeti wake wa kwanza ni huu:

Kaburi tulilichimba, maji yakaja kujaa,
Mchanga tukaukumba, ukingo ukakataa,
Sanduku tukaliumba, kwa mbao na mkandaa,
Mama ndani tukamweka, Mola usitulaumu.

Hesabu mwenyewe, msomaji. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane na nane. Vina vya kati ni “mba”, vya mwisho ni “aa”, na kituo kimeachiwa uhuru wake. Kisanaa hakuna la kusahihisha. Kidini pia hakuna. Anaeleza alichokifanya, hajisifu, na mwisho wake ni dua. Ningependa kila hotuba ya mazishi iwe na ukweli kama huu.

Ubeti wa pili ndio uliokuwa na kasoro, na hapo mjomba alikuwa na haki, ingawa hakuweza kuonyesha mahali penyewe. Kijana aliandika: “siku zimenidhulumu.” Maneno haya ni mazuri masikioni, tena yamezoeleka. Lakini siku hazina uwezo wa kudhulumu mtu. Aliyezipanga ni Mwenyezi Mungu, na Mtume s.a.w. alitukataza kuyatukana majira, kwa kuwa tusi hilo humrudia Mwenye kuyaendesha. Nikamshauri aseme “machozi yanilazimu”. Mizani ni nane kama zile za kwanza, kina ni kile kile cha “mu”, na maana imetoka kwenye shitaka ikaingia kwenye huzuni, ambayo dini imeiruhusu. Sikumtaka apunguze uchungu wa shairi lake hata kidogo.

Habari ya karamu za matanga na hitima za arobaini, aliyoigusia mwishoni mwa barua, nitaiacha mpaka nafasi nyingine, maana ni ndefu na ina ugomvi wake. Nitaongeza moja tu kwa ajili ya wavuvi na wasafiri wa Mafia. Aliyekufa maji amehesabiwa na Mtume s.a.w. miongoni mwa mashahidi, lakini huoshwa na kuvikwa sanda na kusaliwa kama maiti mwingine. Asipopatikana, husaliwa akiwa hayupo, kama Mtume s.a.w. alivyomsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, naye yuko Madina.

Kaburi halikufukuliwa. Mjomba alisomewa barua mara mbili, akanyamaza, kisha akauliza kama yule Kaab aliyekuja kwa siri alisamehewa kweli.

Nilipofika kijijini maji yalikuwa yamekupwa, tukatembea kwa miguu kutoka kwenye mashua. Tuta la kaburi lilikuwa limedidimia upande mmoja, kama ilivyo kawaida mahali pale. Mjomba alikuwa ametangulia na jembe na kikapu. Tukachota udongo wa kichuguu, tukaliinua tena kiasi cha shubiri moja, tukalishindilia kwa mikono.