Kipimo cha Akili cha Mtandaoni Kinapima Nini Hasa?



Utangulizi

Likizo iliyopita, baada ya kikao cha vijana parokiani huku Bahi, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alinivuta pembeni akanionyesha simu yake. "Frateri, nimepima akili mtandaoni nimepata 84. Wenzangu wote wamevuka 100. Nilitaka kuomba nafasi ya seminari, sasa naona niache tu."

Usiku huo nilifanya kipimo kilekile. Maswali 30, dakika 20, Kiingereza kitupu, na mwishoni tangazo la kulipia cheti. Nikapata 97. Asubuhi nikarudia, nikapata 109. Je, nililala na akili moja nikaamka na nyingine? Tulitafakari swali hili kwa pamoja, kwa sababu kuna vijana wanaopanga maisha yao kwa namba kama hizi.

Chimbuko la kipimo

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuangalia namna ya kuwahudumia watoto walioshindwa kwenda sawa na wenzao shuleni. Mwaka 1905 Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa kipimo chao cha kwanza. Lengo lilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada ili asaidiwe. Binet mwenyewe aliamini kwamba akili hukua kwa mazoezi, na aliwapinga waliodai kwamba ni kiasi kisichobadilika.

Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza kugawanya "umri wa akili" kwa umri wa kuzaliwa. Baadaye jibu likazidishwa kwa 100. Mtoto wa miaka 10 anayejibu kama wa miaka 12 akapewa 120. Ndiyo asili ya herufi IQ.

Siku hizi hesabu ni nyingine. Alama zako hulinganishwa na za kundi la watu waliofanya kipimo hicho kabla yako. Wastani wa kundi huitwa 100, na katika vipimo vinavyotumika sana, watu wapatao 68 katika kila 100 huwa kati ya 85 na 115. Kwa hiyo IQ si kama kilo za mpunga. Gunia la kilo 90 ni kilo 90 hata likiwa peke yake ghalani. IQ inafanana zaidi na nafasi darasani: ukiambiwa mtu amekuwa wa tano, ni lazima uulize, kati ya wangapi, na ni akina nani? Kipimo tulichofanya mimi na yule kijana hakikutaja popote kundi lake la kulinganishia.

Ushahidi wa jirani

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza. Walipewa kazi ya kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, Wazambia waliwashinda. Aliyewahi kuona watoto wa vijijini kwetu wakitengeneza magari ya waya hatashangaa. Kazi ilikuwa moja, ila kila mtoto aling'ara kwa kitu ambacho mikono yake ilikizoea.

Huko Embu, Kenya, watafiti walilinganisha watoto waliopimwa mwaka 1984 na waliopimwa mwaka 1998. Alama zilikuwa zimepanda sana. Miaka 14 haitoshi kubadili damu ya watu. Watafiti walitaja lishe na afya ya watoto, elimu ya wazazi, na ukubwa wa familia.

Hapa kwetu, karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa shule, wakawapa mafunzo mafupi ya namna ya kufikiri juu ya maswali yale, kisha wakawapima tena. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2002. Alama zilipanda kiasi, na aliyekuwa nyuma mwanzoni si lazima ndiye aliyebaki nyuma mwishoni.

Tuwe wa haki. Kipimo kamili kinachosimamiwa ana kwa ana na mtaalamu kina faida yake. Hubashiri kwa kiasi fulani maendeleo ya shuleni na husaidia kumtambua mtoto mwenye shida ya kujifunza. Tunachokataa ni kuipa namba uzito usio wake.

Falsafa inasemaje?

Mt. Thomas wa Akwino anafundisha kwamba uwezo wa nafsi tunaujua kwa matendo yake. Akili haionekani, tunamwona mtu akielewa, ndipo tunajua ana akili. Hapo kipimo kina haki: jibu sahihi kweli ni tendo la akili.

Kosa huja pale tunaporuka hatua mbili kwa mara moja: kutoka tendo hadi uwezo, na kutoka uwezo hadi mtu mzima. Tendo halitegemei uwezo peke yake. Linahitaji pia lugha, mazoezi, afya na utulivu. Mtu akishindwa swali, bado hatujajua ni kipi kilichopungua. Zile alama 12 nilizoongeza asubuhi zilitokana na mazoezi na usingizi.

Tena, Mt. Thomas, akimfuata Aristotle, anataja fadhila za akili zaidi ya moja. Mojawapo ni busara, yaani kuamua sawasawa jambo la kutenda hapa na sasa. Mkulima wa Bahi anayetazama mawingu na maji ya majaruba, akajua apandikize mpunga leo au angoje, anafanya kazi kubwa ya akili. Hakuna umbo la kuchagua kwenye simu linaloigusa.

Na mtu mwenyewe, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, hapangwi kwenye foleni ya alama.

Hitimisho

Jumapili iliyofuata nilikaa na yule kijana tukapitia maswali aliyokosa. Matano hakuwa ameelewa Kiingereza chake. Nilipomweleza kwa Kiswahili, matatu aliyapata bila msaada mwingine. Mawili yalimshinda, na moja kati ya hayo lilinishinda hata mimi.

Sikumwambia kwamba ana wito. Hilo si langu kulipima. Wala sikumdanganya kwamba seminarini hakuna masomo magumu. Mt. Yohane Maria Vianney alishindwa Kilatini hadi akaondolewa seminari ya Lyon, lakini walezi waliomjua kwa karibu walimsaidia, na mwaka 1815 akapewa upadri. Nilimwambia apeleke maombi yake kwa paroko, apimwe na watu watakaoishi naye, si na simu. Amepeleka. Tumwombee.

Maswali ya kutafakari

1. Ni namba gani, ya mtihani au ya kipimo, niliyoiruhusu initambulishe?
2. Je, nimewahi kumwita mtu "hana akili" kwa kuwa tu hajui lugha ninayoijua?
3. Katika jumuiya yangu ndogo ndogo, ni nani mwenye busara ambayo hatujawahi kuiomba?