Tezi Dume Inapouma: Mkojo Upimwe Kabla ya Dawa

Mwanamume wa Kibirichia, Meru, akiumwa kiuno, hulaumu kwanza gunia la viazi, na mara nyingi ni kweli. Lakini yapo maumivu yanayokaa chini zaidi, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, yakiandamana na mkojo unaochoma, kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, au uchungu wakati wa kutoa shahawa. Hayo si ya gunia. Huenda tezi dume, inayouzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu, imevimba.

Ugonjwa huu si saratani, wala si ule wa tezi kukua polepole uzeeni. Huwapata sana wanaume walio chini ya miaka 50, kwa hiyo kijana wa bodaboda asijiambie kwamba ni shida ya wazee.

Ukija kwa ghafla, huja na homa kali na kutetemeka. Wengi hudhani ni malaria au taifodi, wakanunua dawa dukani na kurudi kulala. Homa ikiambatana na mkojo unaochoma, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu maambukizi yanaweza kuingia kwenye damu. Mkojo ukikataa kabisa kutoka, usingoje kupambazuke: ni lazima utolewe kwa mpira. Kisa kikizidi uwezo wa kituo cha karibu, mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru.

Jambo ninalowasihi wasomaji ni hili: toa mkojo wa kupimwa kabla ya kumeza antibiotiki yoyote. Vidonge viwili vitatu vya dukani vinatosha kuwaficha bakteria, na maabara isione kitu. Mkojo wa kuoteshwa bakteria maabara hukingwa katikati: jisafishe, acha wa kwanza upite, kisha kinga kwenye chupa safi uliyopewa. Majibu huchukua siku mbili au tatu, nayo huonyesha ni dawa gani itakayowaua bakteria hao. Daktari anaweza pia kuigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Ni kitendo cha muda mfupi, wala hakimpunguzii mtu uanaume. Mweleze wazi kuhusu mahusiano yako, maana kisonono na klamidia pia huleta ugonjwa huu, na hapo mwenzako naye hutibiwa.

Matibabu ya maambukizi ni marefu: kwa kawaida wiki mbili hadi nne, na yale yanayojirudia huhitaji wiki nne hadi sita au zaidi. Homa hushuka mapema, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Tafadhali maliza. Ukiandikiwa siprofloksasini, imeze kwa maji matupu, angalau saa mbili kabla ya maziwa au chai ya maziwa, kwa kuwa maziwa hupunguza nguvu yake. Kano ya kisigino ikianza kuuma, acha kuimeza na urudi kwa daktari upesi.

Wapo wanaoumwa miezi mitatu na zaidi ilhali vipimo havionyeshi bakteria. Hawa ndio wengi, na ndio wanaopoteza pesa nyingi kwa antibiotiki zisizowafaa. Maumivu yao ni ya kweli. Husaidiwa na dawa za kutuliza maumivu, dawa za kulegeza njia ya mkojo, mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga chini ya mtaalamu wa viungo, na kuketi kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Kukaa muda mrefu juu ya pikipiki au baiskeli kunaweza kuyazidisha, basi shuka unyooshe miguu.

Kipimo cha damu cha PSA, kinachotumika kuchunguza saratani ya tezi dume, kisikutishe ukiwa mgonjwa. Tezi iliyovimba huipandisha namba ya PSA bila saratani yoyote. Muulize daktari kama kinaweza kungoja wiki sita hadi nane baada ya kupona, na kama namba bado iko juu wakati huo, fuatilia bila kuchelewa.