Dondoo muhimu: Kabla ya kununua Triumph Bonneville iliyotumika Uingereza

Muundo wa kizamani usikupumbaze. Hakiki haya kwanza:

• Historia ya ukaguzi. Ukiwa na namba ya usajili tu, tovuti ya serikali itakuonyesha bure rekodi za MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa usalama: tarehe, matokeo na maili zilizosomwa. Ukaguzi huanza pikipiki ikifikisha miaka 3, kisha kila mwaka. Maili zikipungua badala ya kuongezeka, dai maelezo au ondoka.

• Maonyo. Pikipiki inaweza kufaulu MOT huku mkaguzi ameandika kuwa mnyororo umelegea. Onyo lilelile likijirudia mwaka unaofuata, ujue mwenyewe hakujali.

• Risiti za sevisi. MOT hupima usalama barabarani, haifungui injini. Oili na vali utazijua kwa risiti za fundi.

• Namba ya chesisi. Iliyogongwa kwenye shingo ya fremu ilingane na ya kwenye hati ya usajili, V5C.

• Injini. Kizazi kilichoanza 2001 hupozwa kwa hewa: cc 790, baadaye 865. Bonneville T120 ya kisasa, iliyotoka 2016, ina cc 1,200 na rejeta mbele. Umbo la kabureta kwenye T120 hii ni urembo tu. Mafuta huingizwa kwa mfumo wa kielektroniki.

• Tairi. Soma tarakimu 4 za mwisho kwenye msimbo wa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu ni hoja ya kupunguziwa bei.