Usukani wa Safuski: Majibu ya Fundi

Safuski ni chombo chembamba cha kupigwa kafi, chenye urefu wa mita 6 na ushei na upana usiofika nusu mita, ambacho mpandaji hukikalia kwa juu, pasipo sitaha wala kifuniko, na kukiongoza kwa nyayo zake. Asili yake ni Port Macquarie, Australia, ambako mwaka 1912 ndugu wawili wa ukoo wa McLaren walikiunda kwa kazi ya mashamba yao ya chaza. Bahari ninayoijua mimi katika kuutahini usukani wake ni False Bay, karibu na Cape Town, ambako wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki huwachukua wapiga kafi kutoka Miller's Point hadi Fish Hoek, masafa ya kilomita 12 hivi, mawimbi yakiwafuata mgongoni njia nzima. Maswali haya ni ya wanafunzi wangu.

Swali: Fundi, chombo hutoka kiwandani kikiwa na usukani wake. Kuna haja gani ya kuubadili?

Jibu: Kiwanda humuundia mtu kisiyemjua, atakayekwenda katika bahari kisiyoijua; kwa hiyo humpa usukani wa kadiri, usiomdhuru popote wala kumfaa sana mahali pamoja. Mimi huuchagua usukani kwa kuitazama bahari kwanza, kisha mpandaji, na chombo chenyewe mwisho.

Swali: Ni nini hasa hutokea wimbi linapokigeuza chombo ubavu?

Jibu: Hapa ndipo ilipo elimu yote ya jambo hili, nami naomba nivumiliwe nieleze kwa urefu. Wimbi lijapo kwa nyuma huiinua tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, kwanza. Maji yaliyo kileleni mwake huenda mbele pamoja nalo, na yaliyo bondeni hurudi nyuma. Basi omo, yaani sehemu ya mbele, hushikwa na maji yanayorudi, ilhali tezi inasukumwa na maji yanayokwenda, na chombo hutaka kuzunguka mpaka kilale ubavu kwa wimbi. Saa hiyo ndiyo usukani unapohitajika kuliko saa zote, na saa hiyo hiyo ndiyo unapodhoofika, kwa kuwa maji ya kileleni yanafuatana na chombo, hayalipigi bapa la usukani kwa nguvu, na tezi iliyoinuka huweza kulitoa bapa majini, nusu yake au lote. Tena hewa ikishanyonywa ikashuka kandokando ya bapa, waweza kukanyaga pedali ya usukani hata mwisho wake usipate kitu.

Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na usukani wenye kina cha inchi 7, nikijisifu kwa wepesi wake. Alasiri moja, nikiukaribia mnara wa taa wa Roman Rock, nilipinduka mara tatu, na mguu wa kushoto, niliokuwa nikikanyagia pedali, uliniuma siku mbili. Wiki iliyofuata niliazima usukani wa inchi 9, nikaenda kwa upepo wa namna ile ile, nikafika Fish Hoek mkavu kichwani.

Swali: Lakini usukani mkubwa haupunguzi mwendo?

Jibu: Hupunguza, wala sitaficha. Kila kipande cha bapa kilichomo majini huburuta. Ila na ihesabiwe hasara ya upande wa pili pia: kila mara mpandaji anapolitia kafi nyuma ili kukirudisha chombo njiani, amepoteza pigo la kwenda mbele, na pengine amelipoteza wimbi zima ambalo lingemchukua mita mia bila taabu. Katika bahari ya mawimbi sijaona aliyechelewa kwa sababu ya inchi moja ya usukani. Niliowaona wakichelewa ni wale wasioweza kukishika chombo.

Swali: Basi tutajie vipimo.

Jibu: Kwa mto au ziwa lililotulia, inchi 5 au 6 zatosha. Kwa bahari ya wastani ningempa mtu inchi 8, yaani sentimita 20 hivi. Na upepo ukivuma kwa nguvu kutoka nyuma, 9. Mpandaji mwepesi ahitaji kina zaidi, maana chombo humwelea juu na tezi huwahi kutoka majini. Mwanafunzi naye apewe bapa refu, kwani hukizuia chombo kidogo kisiyumbeyumbe. Bapa refu jembamba hushika maji vizuri kuliko fupi pana lenye eneo lile lile.

Swali: Na mwani unaonasa usukani?

Jibu: Mwani wa Miller's Point si laini, ni mashina marefu kama mianzi yanayopanda kutoka chini. Upo usukani uliolazwa nyuma ili mwani uteleze ukapita, lakini ushikaji wake ni hafifu. Mimi hubaki na ule uliosimama, nikazunguka nje ya mwani.

Swali: Usukani wa chini ya chombo, au ule unaoning'inia nyuma ya tezi?

Jibu: Wa chini, mbele kidogo ya ncha ya tezi, kwa sababu hubaki majini zaidi. Ule wa nyuma uachiwe mito yenye mawe, kwa vile huinuka ukigonga.

Swali: Mnunuzi akague nini?

Jibu: Unene wa mhimili ulingane na tundu la chombo, pasiwe na mchezo baina yavyo. Nafasi kati ya bapa na chombo iwe ya milimita chache tu, maana iliyo pana huingiza msukosuko wa maji. Kamba za pedali zitazamwe mahali zinapokunjika, kwani huko ndiko zikatikiako. Mwisho, pitisha kidole katika ukingo wa mbele wa bapa. Watu hupenda uwe na makali kama kisu, na ni kosa: ukingo mkali huyaachia maji mapema bapa linapogeuzwa sana. Uwe wa mviringo, na kila pengo lililoachwa na jiwe lizibwe kwa gundi na kusuguliwa msasa kabla ya kurudi baharini.