SOMO LA 12: MWANI NA SUMU YA MIONZI

Ndugu msomaji, kama unakaa pwani ya Kilwa au Lindi, mwani unaujua. Unaufunga kwenye kamba, unauvuna, unauanika, unauuza. Leo tusome kazi nyingine ya mwani. Wataalamu wanautumia kunasa sumu ya mionzi iliyomo katika maji machafu.

Mionzi ni nguvu inayotoka katika madini fulani, kama urani. Huioni, wala haina harufu. Ikizidi mwilini huleta maradhi, hata saratani. Urani iko nchini kwetu, eneo la Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo. Kiwanda cha majaribio kilizinduliwa huko mwaka 2025. Maji ya upande ule huteremka Luwegu, yakaingia Rufiji. Nao Rufiji humwaga maji yake baharini, kaskazini ya Kilwa. Hatusemi mto umechafuka. Tunasema mtu wa pwani ana haki ya kuuliza maji ya mgodi yanasafishwaje. Bahari ikichafuka, mwani wetu nao utanyonya uchafu huo. Nani ataununua?

Mwani unaotumika zaidi kwa kazi hii si huu tunaoupanda. Ni ule wa kahawia, unaoota wenyewe miambani. Una ute mzito. Ute hutolewa kwa kupika mwani na magadi. Kisha hudondoshwa tone kwa tone katika maji yenye chumvi ya chokaa. Kila tone huganda, likawa kidonge laini kama punje ya choroko. Kidonge hicho ni kama dema. Maji hupita, urani hunaswa.

Lakini si kila sumu hunaswa na ute peke yake. Mwaka 2011 tetemeko na mawimbi makubwa viliharibu kituo cha nguvu za atomiki cha Fukushima, Japani. Sumu iitwayo sesiamu iliingia katika maji. Ute wa mwani hauishiki vizuri. Iko rangi ya buluu, ya tangu zamani, inayoishika. Ila unga wake ni mwembamba mno. Ukishautia majini, kuutoa ni taabu. Basi wataalamu huchanganya unga huo na ute, wakafanya vidonge. Vidonge hivi vimejaribiwa zaidi katika maabara kuliko viwandani.

Shika jambo hili. Mwani hauui mionzi. Unaikusanya tu, kutoka mapipa mengi ya maji hadi ndoo ya vidonge. Baada ya miaka 30, nusu ya sesiamu bado ipo. Kwa hiyo vidonge lazima vifungwe na vilindwe. Usitupe mwani kisimani ukadhani umesafisha maji. Wala asije mtu kukuuzia unga wa mwani kuwa ni dawa ya mionzi. Anayesimamia mambo ya mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Makao yake makuu yako Arusha. Kijiji kikiwa na shaka, kiandike barua huko.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini unga wa buluu huchanganywa na ute wa mwani?
2. Vidonge vilivyojaa sumu vikitupwa baharini, nini kitatokea?
3. Andikeni pamoja barua fupi ya kijiji kuuliza habari za maji ya Rufiji.