SOMO: KUANZA KIKAPU NA KUMFUNDISHA MWENZAKO



Katika vikundi vyetu vya kazi za mikono, mara nyingi ujuzi uko kwa mtu mmoja. Yeye ndiye anayeanza kila kikapu, wengine wanaendeleza. Siku akirudi nyumbani, au akipata nafasi ya kwenda nchi ya tatu, kikundi kinasimama. Somo hili lina mambo mawili: jinsi ya kuanza kikapu, na jinsi ya kumwachia mwenzako ujuzi huo.

VIFAA

Nyasi kavu ndefu, nyuzi za katani, sindano kubwa ya kushonea magunia, na wembe. Anayejifunza asitumie katani kwanza. Achomoe nyuzi kwenye mfuko wa sandarusi uliochakaa. Kukata nyasi, nendeni kwa kundi, mchana, mahali paliporuhusiwa.

HATUA

1. Lowesha katani kidogo ili isikatike. Shika fungu la nyasi lenye unene wa penseli. Zungushia uzi kwenye ncha yake, upana wa vidole viwili.

2. Pinda ncha hiyo iwe duara dogo kama kifungo. Pitisha sindano katikati, kaza.

3. Laza fungu kando ya duara. Zungushia uzi kwenye fungu mara mbili. Mara ya tatu choma sindano kwenye mzunguko wa ndani, vuta. Endelea hivyo hivyo.

4. Nyasi zikipungua, chomeka nyingine katikati ya fungu kabla halijawa jembamba. Uzi ukiisha, ficha ncha yake ndani ya fungu, anza mwingine.

5. Kitako kikifikia upana wa kiganja, weka fungu juu ya mzunguko wa mwisho, si kando yake. Hapo ukuta unaanza kupanda.

Kitako kikijikunja kama kisahani kabla ya wakati, fungu limepanda juu au uzi umevutwa mno. Fumua mizunguko miwili, urudie.

KUMFUNDISHA MWENZAKO

Keti ubavuni mwake, si mbele yake. Ukimkabili, mkono wako wa kulia anauona upande wa kushoto kwake. Usichukue kazi yake ukaimalizia. Akikosea, mwonyeshe kwenye kikapu chako, naye afumue chake mwenyewe.

Tena, tengenezeni ubao wa mfano. Fungeni kwenye kipande cha ubao vitako vitano, kila kimoja kimeishia kwenye hatua moja kati ya hizo tano. Asiyejua kusoma atajifunza kwa macho na vidole. Aliyekosa siku ya mafunzo hatapitwa. Ubao huo ni mali ya kikundi, hauondoki na mtu.

JE, ATACHUKUA WATEJA WANGU?

Wengi wanauliza hivyo, na hofu hiyo ina sababu, maana wanunuzi hapa ni wachache. Lakini mnunuzi mkubwa hataki kikapu kimoja. Anataka vingi, vya kipimo kimoja, kwa tarehe aliyopanga. Mtu mmoja hawezi.

Tuangalie mfano wa Rwanda. Janet Nkubana na dada yake Joy Ndungutse walikulia ukimbizini nchini Uganda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, walikusanya wanawake wapatao 20 wakawafundisha kuboresha vikapu vyao vya asili. Mwaka 2005 vikapu hivyo vilianza kuuzwa Macy's, duka kubwa la Marekani. Kazi hiyo isingewezekana kama ujuzi ungebaki kwa hao wawili, na baadaye wasukaji walifikia maelfu.

Si kila kikundi kitapata soko kama hilo. Kwa hiyo kubalianeni mapema: kitako, kipimo na bei viwe vya wote, urembo na rangi, kila mtu abaki na vyake. Hivyo mwenye jina lake halipotezi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

- Ni kazi gani hapa inajulikana na mtu mmoja tu?
- Akiondoka mwezi ujao, nani ataiendeleza?
- Nani atafundishwa kwanza, na siku gani?

Kikundi kinachohitaji msaada wa kuandaa ubao wa mfano kimwone mhamasishaji jamii wa mtaa wake.